Maswali yenu: mtu anahukumiwaje na hakuna aliyemwona akiua?

Wiki iliyopita niligusia tu ile kesi ya Jowie, kidogo tu, na maswali yamekuja mpaka nimeshindwa kuyajibu yote, so nimechagua haya. Kwa ambaye hakuifuatilia: Monica Kimani, mfanyabiashara aliyekuwa ndo katoka Juba, aliuawa kwake Kilimani Nairobi usiku wa tarehe 19 Septemba 2018, akakutwa bafuni mikono imefungwa na koo limekatwa. Joseph Irungu ndo huyo Jowie, alipatikana na hatia tarehe 1 Februari 2024 na jaji Grace Nzioka, alafu tarehe 13 Machi akapewa hukumu ya kifo. Mtangazaji Jacque Maribe, mpenzi wake, aliyeshtakiwa pamoja naye akaachiliwa. Haya twende.

Wakili, mimi swali langu ni moja tu. Hakuna hata mtu mmoja alosema "nilimwona akimchinja". Sasa jaji alijuaje? Si ni kubahatisha? (Msomaji, Kisauni)

Ndugu yangu, kama sheria ingekuwa lazima mtu aonekane akiua basi wauaji wote wangefunga mlango kwanza, na wengi hufunga kweli. Hapo ndo unakuja ushahidi wa mazingira, yaani vitu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja peke yake hakisemi kitu lakini ukivipanga vinaanza kuongea. Kwenye hio kesi mahakama iliridhika kwamba yeye ndiye aliyepita getini usiku ule kwa kutumia kitambulisho cha mtu mwingine, amevaa kanzu, na akaenda kwa marehemu. Kuna nguo zilizokuja kuchomwa. Kuna jeraha la risasi alilopata usiku uliofuata, akasema ni majambazi, na hadithi ile haikusimama. Sasa jiulize kimoja kimoja. Kuvaa kanzu ni kosa? Hapa Mombasa tungekuwa sote ndani. Kuchoma nguo? Hata mimi nimechoma magodoro. Kutumia kitambulisho cha mwenzako ni kosa lakini sio kuua. Lakini kuingia nyumba kwa jina lisilo lako, kwenye nyumba hio hio, usiku huo huo, na mwenye nyumba akakutwa amekufa, alafu nguo zachomwa, hapo mtu anatakiwa aeleze.

Na kipimo chake si cha jana. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1949, kesi ya Kipkering arap Koske, kwamba hayo mambo yanayomwelekea mshtakiwa yawe hayawezi kabisa kukaa pamoja na wazo kwamba hana hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya maana isipokuwa hatia yake. Soma tena polepole. Haisemi "inaonekana ni yeye". Inasema ukijaribu kupitia njia nyingine yoyote ya akili, ugonge ukuta. Na sisi Kenya hatuna lile baraza la raia la kuamua kama unavyoona kwenye sinema za Marekani, na wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji nao tulishawaondoa, jaji anaamua peke yake na lazima aandike sababu zake, kurasa kwa kurasa, na mahakama ya rufaa inaweza kuzichambua moja baada ya nyingine.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kama wewe ndo ulionekana na marehemu mara ya mwisho, kesi si imeisha hapo? (Mama Fatma, Likoni)

Mama, na mawingu ya kusi je? Umeanua nguo mara ngapi na hata tone halikudondoka?

Kuonekana na marehemu mara ya mwisho ni jambo zito, hilo sikatai. Ukiwa wewe ndo ulikuwa naye chumbani na saa moja baadaye akakutwa maiti, mahakama itataka kusikia kutoka kwako, manake sheria ya ushahidi ya Kenya inasema yale ambayo yako ndani ya ujuzi wako wewe peke yako ni wewe wa kuyaeleza. Lakini muda una kazi kubwa hapo. Saa moja sio sawa na siku tatu. Nyumba yenye geti na mlinzi sio sawa na sokoni Kongowea. Kadri nafasi inavyotanuka ndo kadri mtu mwingine anavyoweza kuwa alipita katikati.

Na kuna kesi nyingine ya zamani, ya Uganda, Simon Musoke 1958, ambayo mawakili wote huku tumeikariri ka sala. Inasema kabla jaji hajafikia kwamba huyu ndiye, ahakikishe kwanza hakuna mambo mengine yaliyopo pamoja na hayo yanayodhoofisha au kuvunja huo mnyororo. Maneno hayo yalitoka kwenye kesi ya Teper, 1952, ya mtu wa Guyana aliyeshtakiwa kuchoma duka, ikafika mpaka London kwa majaji wa Baraza la Mfalme, na mle ndani jaji mmoja akatoa mfano ambao nikiusoma hucheka, manake alienda kwa Yusufu! Kile kikombe cha fedha alichoamuru kitiwe kwenye gunia la Benyamini, ndugu zake wakakiona wakakimbilia kuamini kaiba. Kikombe kimekutwa kwake kweli. Na hakuiba kweli.

Mimi nasema huyo jaji aliishia njiani tu, ile Surat Yusuf ni darasa zima la ushahidi. Ndugu wanaleta kanzu ina damu, wanamwambia baba yao kaliwa na mbwa mwitu, na wafasiri wanasimulia mzee Yaqub aliikagua ile kanzu akaona haina hata tundu, mbwa mwitu gani huyo mstaarabu anamla mtoto na kanzu anaiacha nzima! Hilo ndo kesi ya Musoke inamwambia jaji, tafuta kile kitu kisichoingiana. Alafu ikaja kanzu ya pili, yule mke wa bwana mkubwa anamsingizia, shahidi akasema tazameni, kama imechanika mbele mwanamke mkweli, kama imechanika nyuma Yusuf ndo mkweli. Imechanika nyuma. Hakuna aliyeona kilichotokea mle ndani, nguo ndo ilisema. Kwa hio mama, ushahidi wa mazingira pia huokoa, watu husahau upande huo.

Ndugu yangu ameshtakiwa mauaji na aliwahi kufungwa miezi sita kwa wizi wa simu. Watamletea hio rekodi mahakamani? Tumeogopa sana. (Jina kapuni, Malindi)

Poleni sana kwanza. Kwa kawaida hapana. Upande wa mashtaka hauruhusiwi kusimama na kusema huyu ni mwizi wa zamani kwa hio na hili kafanya yeye. Tabia mbaya ya mshtakiwa haiingii wakati wa kuamua alifanya au hakufanya. Sababu yake ni nzuri tu, mtu akishasikia "huyu alishafungwa" akili inafunga hesabu yenyewe, hata mwenye nia safi.

Nitakwambia kisa cha kwetu. Ramadhani moja mama alikaanga sambusa akazihesabu, karudi kutoka jikoni zimepungua tatu. Kakangu alikuwa mdokozi mashuhuri, mtaa mzima wajua, na siku hio kidole chake kilikuwa na mafuta. Kesi ilichukua dakika mbili na adhabu ikatolewa papo hapo kwa kandambili. Baada ya Idi ndo binamu yetu akakiri ni yeye, kakangu yale mafuta alikuwa anapaka mnyororo wa baiskeli. Yale mafuta peke yake yasingemtia hatiani, mama angeuliza tu. Kilichomponza ni lile jina. Na ukirudi kwa Yusuf tena utalikuta, kikombe kilipotoka kwenye mzigo wa mdogo mtu, ndugu zake wakasema akiiba huyu basi hata nduguye aliwahi kuiba kabla yake. Ukoo mzima ukawa ndo ushahidi!

Lakini sikilizeni, kuna milango. Mkisimamisha shahidi aseme ndugu yenu ni mtu mwema, msikiti haumpiti, hajawahi kugusa cha mtu, hapo mmeufungua wenyewe na kiongozi wa mashtaka ataingia na ile miezi sita. Pia wakili wenu akianza kuwachafua tabia mashahidi wa serikali, mlango ule ule. So hio rekodi msimfiche wakili wenu, mwambieni leo, tena mwambieni yote. Nimeona kesi zikiharibika kwa sababu familia iliona aibu mbele ya wakili wao wenyewe.

Mbona Jowie alikuwa anaimba injili, kijana mdogo, na bado akapewa kifo? Tabia nzuri haisaidii kitu? (Msomaji, Nakuru)

Inasaidia, ila wengi huichanganya saa yake. Kwanza kuna saa ya kuamua nani kafanya. Alafu, akishapatikana na hatia, kuna saa ya kuamua apewe nini, na hapo ndo maisha yake yote yanamwagwa mezani, alikulia wapi, ana watoto, alishawahi kufungwa, anajuta ama hajuti, afisa wa probesheni anatumwa mpaka kijijini kuuliza majirani, na familia ya marehemu nayo inasikilizwa. Zamani Kenya hata hio saa ya pili ilikuwa ni sherehe tu, manake ukipatikana na hatia ya mauaji ni kifo, jaji hana la kuchagua. Mahakama ya Juu ndo ikavunja hilo tarehe 14 Desemba 2017, kesi ya Muruatetu. Haikufuta adhabu ya kifo yenyewe, ilifuta ule ulazima. Ikataja na vya kuangaliwa, umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, majuto, uwezekano wa kurekebika.

Sasa kwa Jowie jaji alivisikia, akaweka na upande wa pili namna yule dada alivyouawa, na mizani ikaegemea huko. Maoni yangu mimi, na wengine hamtayapenda: nyimbo za injili zinazotoka kesi ikiwa inaendelea hazina uzito sana. Ningemsikiliza zaidi jirani wa miaka kumi. Ila kwenye kifo chenyewe sikubaliani, kifungo kirefu kingetosha, manake ushahidi wa mazingira hata ukiwa mzito namna gani mtu aliyefungwa unaweza kumtoa ukigundua ulikosea.

Wasomaji wa Tanzania walioniuliza, kwenu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimekaa kwenye ulazima, mauaji ya kukusudia ni kunyongwa. Ile mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyoko pale pale Arusha ilisema Novemba 2019, kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi.

Na Maribe je? Wote si walikuwa pamoja?

Fupi: kuwa mpenzi wa mtu sio kuwa naye eneo la tukio. Kila mshtakiwa hupimwa na ushahidi wake.

Akidanganya polisi si ni kwamba kaua?

Hapana, ni kwamba kadanganya. Watu hudanganya polisi kwa sababu za ajabu, mume alikuwa kwa mwanamke mwingine, kijana alikuwa na bangi mfukoni, mwingine ameshikwa na uoga tu. Uongo huongeza uzito kwenye mnyororo uliokwisha kusimama, hauwezi kuwa mnyororo wenyewe. Na kunyamaza ni haki, Katiba imesema, ingawa ukishaonekana ukiingia nyumba ya watu kwa jina la mtu mwingine ushauri wangu ni uongee na wakili haraka.

Kwa hio Jowie atanyongwa kweli? (Wengi mmeuliza)

Kwanza rufaa iko. Alafu Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 rais Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 zikawa vifungo vya maisha, na 2016 Uhuru akafanya hivo hivo kwa 2,747. Sheria ipo, kitanzi kipo, wa kukitumia ndo hayupo, na jela inazidi kujaa watu wanaosubiri kitu ambacho hakiji.