Uliza Tukujibu: Dr Slaa, kutoka Karatu mpaka Stockholm

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na ishu moja tu, mabalozi. Msomaji wa Babati ndo kauliza swali zito kuliko wote kwa hiyo yeye nampa nafasi kubwa, wengine mtanisamehe majibu yenu yakiwa mafupi.

Shikamoo dada. Mimi nimezaliwa 2003, Dr Slaa namjua kama mzee wa ishu za bandari na wa kukamatwa kamatwa. Baba akimtaja anasema "Balozi Slaa", mjomba anamkatalia palepale, anasema huyo si balozi alishavuliwa, wanabishana mpaka ugali unapoa. Hivi mtu wa upinzani alifikaje kuwa balozi, na ubalozi unavuliwaje wakati kazi ameshaimaliza? (Msomaji, Babati)

Marahaba mdogo wangu. Baba yako na mjomba wako wote wana cha kusimamia, ngoja nikueleze kuanzia mbali maana huyu mzee ukianzia kwenye bandari unakuwa umeanzia mkiani.

Dr Wilbrod Slaa kazaliwa 1948 pande za Mbulu, 1977 akapata upadri, akaenda Roma kusoma sheria za kanisa mpaka udaktari, hiyo "Dr" imetoka huko. Akawahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki. Mwanzoni mwa miaka ya 90 akaacha upadri, 1995 akaomba ubunge wa Karatu kupitia CCM, jina likakatwa, akavuka kwenda CHADEMA wakati ambao CHADEMA ilikuwa chama kidogo sana, na akashinda. Karatu wakamrudisha 2000 na 2005, yaani miaka 15 bungeni bila kupumzika, na katikati hapo akawa katibu mkuu wa chama.

Sasa siku ambayo watu wa umri wangu hatuisahau ni tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke. Alipanda jukwaani na orodha ya majina 11 ya wakubwa aliowatuhumu kwa ufisadi akaisoma hadharani, jina baada ya jina. Kipindi kile ulikuwa unaweza kusema "viongozi wanakula" ukaishia hapo, lakini kutaja mtu kwa jina lake mbele ya umati hiyo haikuwepo. Kulikuwa na stori ya EPA, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu ambapo zaidi ya bilioni 130 zililipwa kwa makampuni 22 kinyume na taratibu, na miezi michache baada ya Mwembeyanga, Januari 2008, gavana akaondolewa. Mimi naamini bila ile orodha mambo yasingeenda kwa spidi ile. 2010 akagombea urais, akapata kura zaidi ya milioni mbili, kama asilimia 26 hivi, nyuma ya Kikwete.

Halafu 2015. Mwezi Julai Edward Lowassa akahamia CHADEMA na akapewa kugombea urais, na Lowassa alikuwemo kwenye ile orodha ya Mwembeyanga, unaona mwenyewe mtego uliopo hapo. Dr Slaa akapotea machoni pa watu kwa wiki kadhaa, tarehe 1 Septemba akaitisha waandishi pale Serena Dar es Salaam, akasema anaachana na siasa za vyama. Mimi nilikaa mbele ya TV mwanzo mpaka mwisho, na kuna jirani yangu alizima ya kwake kwa hasira katikati. Wapo waliomwita msaliti na wapo waliosema huyu ndo mtu pekee aliyebaki na msimamo wake wa 2007, mimi niko upande wa hawa wa pili mpaka leo. Baada ya hapo akaenda kuishi Kanada.

Akiwa hukohuko, Novemba 2017, Rais Magufuli akatangaza kumteua balozi. Hapo ndo jibu la swali lako la kwanza: Rais hazuiwi kumteua mtu wa upinzani. Katiba inampa mamlaka ya kuteua mabalozi na hakuna kipengele kinachosema lazima awe wa chama chake au awe kasomea diplomasia. Magufuli alikuwa anajinadi kwa kupambana na ufisadi, na mtu wa orodha ya Mwembeyanga akikaa upande wako ni faida kwako kisiasa, hilo halihitaji darasa.

Ila kuteuliwa si kufika. Kwa kawaida jina linapelekwa kwanza kimyakimya kwenye nchi unayotaka kumpeleka, wao wakiridhia ndo safari inaendelea, wakikataa hawalazimiki hata kutoa sababu, hiyo iko kwenye Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa mambo ya mabalozi. Dr Slaa aliapishwa Februari 2018, akapangiwa Uswidi. Balozi wa Stockholm anaiwakilisha Tanzania pia kwa majirani wa Nordiki na nchi za Baltiki, kwa hiyo eneo ni kubwa. Na pale Stockholm balozi mpya huwa anachukuliwa na gari la farasi kutoka wizara ya mambo ya nje mpaka ikulu, anakabidhi hati za utambulisho kwa Mfalme. Nikifikiria mtoto wa Mbulu, padri wa zamani, mtu wa majukwaa ya vumbi Karatu, yumo ndani ya lile gari na bendera yetu, mimi nafurahi kabisa, hata kama kisiasa sikubaliani na kila kitu alichofanya.

Lakini kuna gharama na hapa naomba unisome taratibu. Mbunge analipwa kusema anachoamini, balozi analipwa kusema msimamo wa nchi, hata siku ambayo usiku uliopita hakulala kwa sababu ya msimamo huohuo. Ripoti unaandika na ushauri unatoa, ila vyote ndani ya mkoba wa serikali, nje unatabasamu. Mtu mwingine hilo halimsumbui lakini kwa mtu ambaye mtaji wake wote ulikuwa sauti, miaka mitatu na zaidi ya kuongea kwa niaba ni mingi.

Alirudi nyumbani 2021 na sauti ikarudi naye. 2023 ukaja mkataba wa bandari na Dubai, Bunge likaridhia mwezi Juni, yeye akawa mmoja wa waliopinga kwa nguvu, Agosti akakamatwa, na tarehe 1 Septemba Rais Samia akamvua hadhi ya ubalozi. Ukiangalia hiyo tarehe utaona ni miaka minane kamili tangu ile siku ya Serena.

Anavuliwaje wakati kazi imeisha? Ni kwamba kwetu ubalozi una vitu viwili. Kuna kituo cha kazi, hicho kinaisha ukirudishwa nyumbani. Halafu kuna hadhi, ile ya kuitwa Balozi hata ukiwa unalima nyanya kijijini, hiyo unabaki nayo ukistaafu, na iliyotoka kwa Rais ndo ileile iliyochukuliwa na Rais. Kwa hiyo rasmi mjomba wako yuko sahihi. Baba yako naye akisema "Balozi" anataja kazi iliyofanyika, na kazi iliyofanyika haifutwi kwa tangazo. Mimi ukiniuliza, hadhi aliyoipata mtu kwa kutumikia nje isichukuliwe kwa sababu ya maneno aliyosema baadaye akiwa raia wa kawaida. Wapo wanaoona balozi hata akistaafu anatakiwa ajizuie, nawasikia, ila sikubaliani nao. Mwaka 2025 ukafunguka kwa kukamatwa tena, akapelekwa mahakama ya Kisutu kwa kesi ya taarifa za uongo mtandaoni, mwisho wa Februari DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, akaifuta, na mwaka huohuo akarudi CHADEMA. Mpe salamu mjomba, na mwambie "Dr" bado anayo.

Dada, kwetu tunaamini mwanasiasa akipewa ubalozi ujue ametupwa mbali asisumbue. Ni kweli? (Msomaji, Songea)

Wewe wa Songea ndo unauliza hivyo? Emmanuel Nchimbi alikuwa mbunge wenu, Desemba 2013 alitoka uwaziri wa Mambo ya Ndani pamoja na wenzake watatu kwa sababu ya Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, baadaye akapelekwa Brazili, kisha Misri. Wengi walishamfuta. Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa CCM na Novemba 2025 Makamu wa Rais. Kupelekwa mbali kupo, sikatai, ila mbali si lazima iwe mwisho.

Shikamoo. Wanawake je? Naona kila siku mnataja wanaume tu. (Mama wa Mwanza)

Marahaba, na umenishika pabaya. Tena Mwanza hapo unaitazama Ukerewe ya mama Getrude Mongella! Mwalimu, mbunge, waziri, halafu 1991 akaenda India kama balozi wetu, hakukaa hata miaka miwili Umoja wa Mataifa ukamchukua awe katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing, Septemba 1995, nchi 189 ukumbini. Ndo maana anaitwa Mama Beijing. Akarudi kuwa mbunge, na 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Toleo lijalo mama Mongella anapata ukurasa mzima, nimeshamwambia mhariri.

Mimi niko fomu six, nataka kuwa balozi ila siasa siitaki. Inawezekana? (Msomaji, Mbeya)

Inawezekana mdogo wangu. Kuna Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilianzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, siku hizi kina jina la Dr Salim Ahmed Salim. Unasoma, unaomba kazi ya afisa mambo ya nje kupitia Sekretarieti ya Ajira, unapanda ngazi polepole, na ni miaka mingi. Anza na lugha ya tatu sasa hivi, Kifaransa au Kiarabu, usisubiri chuo.