Wiki Sita za Kwanza Baada ya Kung'olewa Vena: Niliogopa Visivyotisha, Nikapuuza Kilichotisha

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilifungua bendeji nikakuta mguu nisioujua. Paja lote upande wa ndani, kuanzia kinenani hadi chini ya goti, lilikuwa zambarau iliyokolea kama bilinganya, na pembeni rangi imeanza kuwa manjano. Ile mishipa iliyokuwa imetuna na kujisokota haikuwepo tena, lakini nani angeiona hata ingekuwepo? Nilikaa kitandani nikijiuliza ni wazimu gani ulionipeleka kwenye kisu kwa ajili ya mguu uliokuwa ukiniuma jioni tu.

Kabla ya upasuaji nilikuwa nimesoma sana kuhusu upasuaji wenyewe. Kuhusu wiki zinazofuata sikusoma karibu chochote, nikidhani kupona ni kulala na kusubiri.

Kwa ufupi, nilifanyiwa hivi. Vena hupandisha damu kuelekea moyoni, na ndani yake mna vali zinazoizuia isirudi chini. Mimi vali zilikuwa zimelegea katika vena ndefu inayopanda upande wa ndani wa mguu, toka kifundoni hadi kinenani, damu ikawa inatuama. Siku hizi wagonjwa wengi huunguzwa vena hiyo kwa leza au kwa mawimbi ya redio, kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani yake, tena kwa sindano ya ganzi tu. Yangu ilikuwa imejipinda, mrija usingepita. Nikalazwa kwa nusukaputi, vena ikafungwa kinenani, ikang'olewa mpaka karibu na goti, na matawi yaliyojisokota yakatolewa kwa vitundu vidogo. (Swali la damu itapita wapi nililiuliza mara tatu. Vena za ndani kabisa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu, kwa hiyo hii ya juu ikiondoka kazi inaendelea.)

Rangi ya bilinganya ina maelezo yake. Vena inapong'olewa, matawi yake hukatika na kuvuja kabla hayajaziba, na damu hiyo husambaa chini ya ngozi. Kwangu ilichukua wiki 4 kuisha, ikishuka taratibu hadi kwenye kifundo, sehemu ambayo hata haikuguswa. Mahali palipovilia zaidi paliacha vinundu vigumu kama kokwa, navyo vililainika polepole.

Siku ya sita ndipo nilipoanza kukosea. Nilipapasa paja nikahisi kitu kama kamba ngumu, kinavuta kila ninaponyoosha goti. Nikajua hilo ndilo bonge la damu, nimekwisha. Nikakimbilia kwa daktari bila miadi. Alibonyeza, akaniambia ni damu iliyobaki kwenye njia ya vena iliyotolewa, imeganda, italainika yenyewe. Muuguzi aliyekuwa pembeni alitabasamu. Huenda hakuwa na ubaya wowote, lakini nilirudi nyumbani nimejaa aibu, nimeapa kutowasumbua tena watu kwa uoga wangu.

Kiapo hicho nusura kinitoe roho. Siku ya kumi na mbili kigimbi cha mguu uleule kilianza kuuma, maumivu ya ndani, kama msuli uliokazwa usiku ukakataa kuachia. Kesho yake soksi ilikuwa ngumu kuvaa. Nikajiambia, hii nayo ni sehemu ya kupona, mbona juzi walinicheka? Nikanywa parasetamoli, nikaegemeza mguu kwenye mito. Nikapoteza siku mbili nzima. Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa, ambaye si mganga wala muuguzi. Alileta utepe wa fundi cherehani akapima vigimbi vyote viwili. Kimoja kilikuwa kimekizidi kingine kwa zaidi ya sentimita 3. "Vaa viatu," akasema, na hakungoja jibu.

Ultrasaundi ilionyesha bonge kwenye vena ya ndani ya kigimbi. Nilianzishwa dawa za kuzuia damu kuganda siku hiyohiyo, nikazitumia miezi 3. Hatari ya bonge la aina hiyo ni kwamba kipande chake kinaweza kukatika, kikapanda na damu hadi kwenye mapafu. Haliwapati wengi baada ya upasuaji huu, na mimi nilikuwa na sababu ya ziada niliyoisahau kwenye fomu: mama yetu aliwahi kuganda damu mguuni. Kwa hiyo ukiulizwa kama wewe au ndugu wa damu amewahi kupata tatizo hilo, au kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, usijibu harakaharaka ili umalize fomu.

Baada ya hapo nilijifunza kutenganisha. Kuvilia, vinundu, kamba ya juujuu unayoweza kuigusa, kuvuta kwenye paja: hivyo vinakera, ila mara nyingi havitishi. Kigimbi kinachouma kwa ndani na kuvimba kuliko mwenzake, nenda siku hiyohiyo. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, au kukohoa damu, hiyo ni dharura, usingoje hata nusu saa. Kidonda nacho kina lugha yake. Kikizidi kuwa chekundu na moto badala ya kupoa, kikatoa usaha, au ukapata homa, kinahitaji kuangaliwa. Cha kinenani ndicho cha kuchunga zaidi, kwa sababu pale pana unyevu na mikunjo. Na kidonda chochote kikianza kutoka damu, lala, inua mguu, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Isipokata, tafuta msaada.

Kutembea ndiyo dawa niliyoidharau. Niliambiwa nitembee tangu siku ya kwanza, dakika chache kila saa, nami nikatembea hadi chooni na kurudi. Kigimbi ni pampu: kila hatua hukikaza, na damu inasukumwa juu. Ukilala siku nzima, pampu imezimwa. Kusimama wima bila kusogea nako hakusaidii, na kukaa ukining'iniza miguu ni hivyohivyo. Ama tembea, ama lala na mguu umeinuliwa juu ya usawa wa moyo.

Soksi za kubana ni adha, sitadanganya. Zivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu haujavimba, ukiwa na glavu za mpira ili vidole vishike vizuri. Zikikunjamana nyuma ya goti zinageuka kamba ya kufungia mguu, heri usivae. Muda wa kuzivaa hutofautiana kwa kila daktari, muulize wako na umfuate yeye, si mimi. Kuhusu maumivu, mimi nilitosheka na parasetamoli. Ukiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, usijichanganyie ibuprofeni au aspirini bila kuuliza.

Gari niliendesha tena nilipoweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Safari ndefu ya ndege niliyokuwa nimeipanga wiki ya tatu niliifuta, na hata bila bonge nilipaswa kutoipanga.

Kitu kimoja sikuambiwa, au niliambiwa sikusikia: ganzi. Mshipa wa fahamu hupita sambamba na vena ile, hasa chini ya goti, na huweza kujeruhiwa. Nina kipande cha ngozi juu kidogo ya kifundo, kama nusu ya kiganja, ambacho hakihisi mguso vizuri. Mwanzoni kilikuwa kikubwa mara mbili, na miezi ya katikati kilichonyota kama kimeumwa na siafu, ambayo daktari alisema ni dalili njema. Sasa umepita mwaka na miezi 2. Kinaendelea kupungua, taratibu mno. Mguu hauniumi tena jioni. Jana nikipaka mafuta niliona vena nyembamba ya buluu nyuma ya goti, sikumbuki kama ilikuwepo. Miadi nimeshaiweka, ya Alhamisi.