Walimu wapya wa chekechea, mtoto anayekaa kimya ndo anakusoma zaidi

Wadogo zangu mnaoanza chekechea mwaka huu karibuni sana, kuna kitu kimoja nataka mkijue mapema maana mi kilinichelewa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nagonga meza kwa rula nikitaka wanyamaze. Siku moja mapumziko nawakuta wanacheza mwalimu chini ya mwembe, mwalimu wao ni binti mpole ambaye darasani humsikii kabisa, kashika kijiti anagonga ndoo, mkono kiunoni, "nimesema kimyaaa!", mpaka jicho langu la kukata analo. Niliumia sana yani, maana miezi yote ile hakuwahi kumkaripia mtu.

Hapo ndo nikamwelewa Bandura, yule mwanasaikolojia tuliyemsoma chuoni, aliyesema mtoto anajifunza kwa kuangalia wengine. Lile jaribio lake la 1961 pale Stanford, Marekani, wengi mnalijua, watoto 72, baadhi wakamuona mtu mzima analipiga lidoli la hewa linaloitwa Bobo, analikalia, analigonga na nyundo ya mbao, na walipoachwa nalo wakafanya vilevile hadi maneno aliyokuwa anasema. Ila la 1965 ndo la kukaa nalo jamani. Safari hii watoto waliangalia filamu, wengine wakaona mpigaji anapongezwa, wengine anakaripiwa na kuchapwa, wengine hakuna kilichomtokea. Walioona kakaripiwa wakaiga kidogo, ungedhani hawajajifunza eeh? Wakaahidiwa stika na juisi kwa kila kitendo watakachokumbuka, tofauti ikaisha, wote wanajua. Kilikuwemo kichwani muda wote ila hawakuwa na sababu ya kukitoa.

Kwahiyo ukimfokea aliyempiga mwenzie mbele ya darasa zima usihesabu umemfundisha yeye tu, wale wengine wamekuona mkubwa akikasirika anafanyaje na wameweka. Mi siku hizi naenda mpaka alipo, nachuchumaa macho yalingane, naongea taratibu, darasa linaangalia hivyo hivyo na ndo ninachotaka. Na jambo zuri lifanye pole pole waone kila hatua, mfano kunawa kabla ya uji, nakunja mikono ya nguo, nasema sabuni hii, napitisha katikati ya vidole, maana ukifanya fasta mtoto wa miaka 3 anashika maji tu sabuni imempita. Mtoto mgeni namkalisha na anayesalimia vizuri, maana wanaigana wao kwa wao pia. Na ukikosea omba samahani kwa sauti wasikie, hilo wengi tunaona aibu ila wataliona wapi kama sio kwako?

Rula niliiweka kabatini wiki ileile. Kwenye mchezo wao ndoo iliendelea kugongwa karibu muhula mzima.