Baba yuko Chengdu, CV ya mwanawe iko kila mahali

SWALI: Anti shikamoo. Nasoma masta Manchester, naishi na kijana wa Kichina, tumeanza wote Septemba hii. Hata mwezi haujaisha baba yake aliyeko Chengdu keshamtafutia usaili benki moja ya Shanghai, keshatuma CV yake kwa rafiki zake sijui wangapi, halafu juzi kampigia saa tisa usiku (kwao saa nne asubuhi) kumwambia kuna mjomba yuko London amtafute akamsalimie. Rumeti wangu anakasirika, anazima simu. Mimi naona anachezea bahati, mzee wangu angenipa hata namba moja tu ningeruka. Ila najiuliza pia, hii si ndo kujuana kule kule tunakokupigia kelele? Nimwambie nini?
Mkosa usingizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka kidogo hapo kwenye saa tisa usiku, nisamehe.

Huyo baba mnamwona king'ang'anizi lakini anaangalia kalenda ambayo nyie wawili hamuioni. China waajiri wakubwa wanachukua wahitimu kwa msimu, msimu mkuu wanauita qiuzhao, ajira za vuli, unaanza Agosti au Septemba kwa ajili ya watakaomaliza mwaka unaofuata. Sasa masta ya Uingereza ni mwaka mmoja. Yaani siku rumeti wako anashuka uwanja wa ndege, hajui hata basi la chuo linasimama wapi, wenzake waliobaki nyumbani wako kwenye usaili tayari. Akisema ngoja nisome kwanza kazi nitatafuta baadaye, inabaki chunzhao, ajira za masika, Machi na Aprili, na hapo wanagombania nafasi zilizobaki. Na ile hadhi ya kuitwa mhitimu mpya ina thamani kule, kuna nafasi zinatengwa kwa ajili yao tu, ukichelewa unahesabiwa pamoja na watu wenye uzoefu wakati wewe uzoefu huna.

Halafu cheti cha ng'ambo hakitishi tena kama zamani. Aliyerudi kutoka nje wanamwita haigui, na neno hilo likitamkwa linafanana na kasa, yule wa baharini, anayerudi ufukweni kwao. Walipoanza kurudi wengi wakakaa bila kazi watani wakatunga jingine, haidai, anayesubiri, linasikika kama mwani. Kasa kageuka mwani! Juni 2023 takwimu rasmi zilionyesha vijana wa mijini wa miaka 16 hadi 24 wasio na ajira ni asilimia 21.3, serikali ikasitisha kuzitangaza, zikaja kurudi na hesabu mpya isiyohusisha wanafunzi. Mzazi aliyeyasoma hayo, na ukizingatia sera ya mtoto mmoja ilifutwa mwanzoni mwa 2016 tu kwa hiyo inawezekana kabisa rumeti wako hana hata ndugu wa kugawana naye hiyo presha, atalala vipi?

Kuhusu kujuana. Wao wana guanxi, mahusiano ya kufaana, leo nakusaidia kesho wewe au mwanao atanikumbuka, na si kila guanxi ni rushwa. Mjomba kumpa kijana chakula na kumweleza kazi za benki zilivyo, hiyo mimi sioni dhambi. Dhambi inaanza pale nafasi inapotolewa ili mtu apate kitu upande wa pili. Benki ya JPMorgan walilipa kama dola milioni 264 mwaka 2016 kumaliza kesi Marekani kwa sababu waliwaajiri watoto na jamaa wa wakubwa wa China ili wapate biashara. Kwa hiyo swali la kumuuliza rumeti ni moja, je huo usaili wa Shanghai anaweza kuufeli? Kama anaweza, basi ni usaili wa kweli, aende.

Ila hasira yake naielewa pia, maana kwenye barua yako yote sijaona mahali baba kamuuliza mwanae anataka nini. Labda kijana anataka kubaki huko, kuna viza ya wahitimu tangu 2021, na baba hajui. Amwambie. Wapange simu Jumapili saa nne asubuhi ya Manchester, kwao jioni, baba awe karani wa tarehe za mwisho, kuongea na waajiri aongee kijana mwenyewe. Na mzee asimkubalie intanshipu yoyote ya China katikati ya muhula, chuo kinafuatilia mahudhurio ya mwenye viza ya mwanafunzi na kikiona hayupo kinaripoti.

Wewe nawe acha wivu. Muulize kama kwa mjomba mnaweza kwenda wawili.

SWALI: Anti, bosi wangu ni Mchina, mwanae anasoma Australia. Kaniomba niandike barua kwamba kijana alifanya intanshipu ofisini kwetu miezi mitatu. Hajawahi kukanyaga hapa. Naogopa kukataa.

JIBU: Usiandike, jina litakalokuwa pale chini ni lako. Kule China kuna biashara nzima inaitwa beijing tisheng, kupandisha wasifu (beijing hapa si ule mji), wazazi wanalipa mawakala wawatafutie watoto intanshipu, na nyingine ni za karatasi tu. Mwajiri akipiga simu kuhakiki atakupigia wewe, si bosi. Mwambie kwa upole, bosi, likizo ndefu ya vyuo vya Australia inaanzia Novemba hivi mpaka Februari, kijana aje akae na mimi wiki sita nimfundishe, nitamwandikia nilichokiona. Akikubali mpe kazi kweli, asiishie kutoa fotokopi.