Runinga Haikuonyeshi Karata Zinazotupwa

Tangu habari za mimi kushika nafasi ya pili katika mashindano ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, ya hapa Minnesota, Marekani, ziwafikie Watanzania wenzangu, simu yangu haijapumzika. Wengi wananipongeza, wachache wananiombea dua niachane na kamari, na kundi kubwa kuliko yote, ambalo ndilo ninaloliandikia leo, linauliza swali lile lile kwa maneno tofauti: niangalie nini kwenye runinga au mtandaoni ili nami siku moja nikae kwenye meza ya fainali? Mmoja wa waulizaji ni jamaa tuliyepanga naye nyumba enzi za chuo, aliyeanza ujumbe wake kwa maneno "Shikamoo bingwa, nipe siri." Jamaa huyo huyo ndiye aliyenibandika jina la "Bwana Natupa" mbele ya watu, na jina hilo likanifuata harusini na misibani kwa miaka. Nimemjibu kwa adabu, lakini jibu kamili ni hili hapa.

Karata nilizijua kabla ya poka. Nimekulia Tanga, ambako arubastini huchezwa barazani kwa kelele, na mwenye turufu huipiga chini mpaka vikombe vya kahawa vinaruka. Nilipokuja Marekani kusoma nilidhani watu wa huku hawana muda wa karata, kisha ukafika mwaka 2003. Televisheni ya michezo ya ESPN ilionyesha World Series of Poker, mashindano yanayofanyika Las Vegas tangu mwaka 1970, na bingwa akawa Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee ambaye alipata nafasi yake kupitia shindano dogo la mtandaoni lililomgharimu chini ya dola 100, ilhali kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000. Aliwashinda washiriki wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. ESPN ilivirudia vipindi vile mara nyingi kiasi kwamba sisi wapangaji wanne tulifikia kuyajua maneno ya watangazaji, Lon McEachern na Norman Chad, kama watoto wa madrasa wanavyojua qaswida.

Mgao, yaani duru moja ya kugawa karata na kuweka madau, uliotutia wazimu ni ule wa Moneymaker na mpinzani wake Sammy Farha walipobaki wawili. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, tano nyingine hufunuliwa mezani kwa wote, na mwenye mkusanyiko bora wa karata tano hushinda. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa, na Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Mezani zilifunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza, kisha ikafuata nane ya shupaza. Farha alikuwa na jozi ya tisa, kwa hiyo alikuwa anaongoza, lakini Moneymaker alikuwa anasubiri shupaza moja tu ili zitimie tano, au tano au kumi ili karata tano zifuatane, au mfalme mwingine apate jozi kubwa zaidi. Ukihesabu, karata 17 kati ya 44 zilizobaki zingempa ushindi. Ikaja tatu ya kopa, garasa tupu. Moneymaker akasukuma kete zake zote, yaani vidude vinavyohesabiwa badala ya hela, mbele bila kuwa na chochote, akatulia nyuma ya miwani yake myeusi, na Farha akafikiri sana kisha akatupa jozi iliyokuwa inashinda, yaani akajitoa kwenye mgao na kumwachia mwenzake madau yote. Sisi sebuleni tulikuwa tunaona karata za wote wawili, tukapiga mayowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Nataka uzingatie hilo la kuona karata za wote wawili, kwa sababu ndilo lililoufanya mchezo huu upendwe na watu ambao hawajawahi kukanyaga kasino. Televisheni ya Marekani ilishajaribu kuonyesha poka tangu miaka ya sabini, lakini mtazamaji alibaki akiangalia wanaume walionuna wakitazamana na kusukuma kete, asijue nani ana nini. Aliyetafuta dawa ya tatizo hilo ni Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, akaja Marekani na kutajirika kwa biashara ya vitu vya kuchezea watoto. Katika miaka ya tisini alisajili hataza ya mfumo wa kuwaonyesha watazamaji karata za siri za wachezaji. Waingereza wakawa wa kwanza kuonja utamu wa mbinu hiyo: mwaka 1999 Channel 4 ilianza kurusha Late Night Poker, meza ikiwa na vioo na kamera zikiwa chini yake, na mshindi wa kwanza akawa Dave Ulliott, aliyejulikana zaidi kama Devilfish. Mwaka 2003 World Poker Tour ikaanza kuonekana kwenye Travel Channel, ikiongeza asilimia za ushindi pembeni mwa skrini, na mambo yakaiva.

Hesabu za washiriki wa mashindano yale ya Las Vegas zinajieleza. Kutoka 839 mwaka 2003 walifika 2,576 mwaka 2004, kisha 5,619, na mwaka 2006 wakawa 8,773, bingwa Jamie Gold akichukua dola milioni 12. Kisha msimu wa 2004–05 wa NHL, ligi ya kulipwa ya hoki ya barafu, ulifutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, na kwa watu wa jimbo hili la Minnesota hilo lilikuwa sawa na kufungiwa kanisa, kwa hiyo hata wazee ambao hawakuwahi kushika karata walijikuta wakiangalia poka. Vijana wa Kitanzania nao hatukubaki nyuma. Kila Jumamosi tulikuwa na meza yetu, kiingilio dola kumi, pilau jikoni, na kila mmoja akiwa amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba usiku.

Kwenye meza hiyo ndiko nilikopewa lile jina. Wenzangu walicheza kama walivyoona kwenye skrini, yaani kila mgao ni vita, kila anayepandisha dau lazima afuatwe, na kila baada ya muda mfupi mtu anasukuma kete zote huku akinukuu watangazaji. Mimi nilikuwa natupa. Nikipewa jeki na nne, natupa; nikipewa ree na sita, huku wawili wameshapandisha dau, natupa. Walinicheka, wakasema nimekuja kula pilau tu, na mmoja akasema mbele ya mchumba wangu wa wakati ule kwamba mwanamume anayeogopa karata ataogopa na maisha. Sitasema mengi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba mwisho wa mwezi wale mashujaa walikuwa wananikopa hela ya nauli.

Sababu ya tofauti yetu ni kitu ambacho runinga kwa asili yake haiwezi kukuonyesha. Kwenye meza kamili ya ukumbini, mgawaji hugawa takriban migao thelathini kwa saa, na fainali huchukua saa nyingi. Kipindi cha saa moja, ukitoa matangazo ya biashara, kina nafasi ya migao michache tu, na mhariri mwenye akili timamu atachagua ile ambayo watu wamesukuma kete zote. Jozi ya ree hupatikana mara moja katika migao 221, na jozi yoyote ile hupatikana mara moja katika migao 17 hivi, lakini kwenye skrini utadhani zinagawiwa kama njugu. Kazi halisi ya mchezaji, ambayo ni kutazama karata mbili mbovu, kuzisukuma kwa mgawaji, na kuendelea kuwachunguza wenzake kwa makini bila malipo yoyote, hukatwa na kutupwa chini ya meza ya uhariri. Kwa hiyo kijana aliyejifunza poka kwa kuangalia runinga amejifunza sehemu ndogo ya mchezo, na ni ile sehemu ya hatari zaidi.

Usiku wa fainali yangu tulipobaki wanne, nilipewa jeki mbili. Mzee mmoja mstaafu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akinywa maji na kutupa karata kama mimi, alipandisha dau. Kijana wa kushoto kwake, mwenye kofia na vipokea sauti masikioni, akasukuma kete zake zote. Ukumbi ukanyamaza, zamu ikawa yangu. Nilizifunika jeki zangu kwa kiganja, nikamtazama yule mzee, nikaona ameshaweka vidole juu ya kete zake kabla sijafanya uamuzi, tayari kufuata. Nikatupa. Mzee akafunua ree mbili, kijana akafunua malkia wawili, akatolewa, nami nikasogea hadi tatu bora bila kuongeza hata kete moja. Mgao huo ungeonyeshwa kwenye runinga, nina hakika kamera isingenigusa. Mzee huyo huyo ndiye aliyenimaliza mwishoni kwa kutimiza kopa tano kwenye karata ya mwisho kabisa, na karata ile sijaisamehe mpaka leo. Kiasi cha zawadi sitakitaja kwa kuwa mashemeji zangu wanasoma hapa.

Basi, wewe unayetaka kukaa kwenye meza ile, na najua unataka, maana usingefika aya hii, fanya hivi. Chukua kipande cha karatasi, kibandike kwenye pembe ya skrini zinapoonyeshwa karata za siri pamoja na zile asilimia, kisha uangalie mgao wote kama mchezaji aliye mezani, ambaye anaona madau na nyuso tu. Sema kwa sauti unachofikiri kila mmoja anacho, ndipo uondoe karatasi. Utaaibika mara nyingi mwanzoni, na aibu ya sebuleni ni rahisi kuliko ya ukumbini. Pili, tupa karata. Tatu, ukiona umetupa sana na umechoka kutupa, na moyo unakuambia safari hii hata jeki na nne zitafaa, tupa. Wanaokuita mwoga hawatakulipia kodi ya nyumba, na usiwape nafasi ya kukuchagulia dau.

Hela ya kodi na ya ada ya watoto isiguse meza. Nimewaona vijana wetu, wengine wakiwa nyumbani Dar es Salaam na Nairobi, wakiweka mshahara wote kwenye michezo ya simu kwa sababu ya kipande cha video cha dakika mbili ambacho mtu anashangilia mamilioni. Kumbuka pia kwamba vipindi vingi vya enzi ile viliendeshwa kwa fedha za matangazo ya kampuni za poka za mtandaoni, zilizotaka umwone Moneymaker ili ujisajili, na serikali ya Marekani ilipozishtaki zile kubwa na kuzifungia tovuti zake tarehe 15 Aprili 2011, vipindi kadhaa vilitoweka pamoja nazo. Anayelipia kipindi ndiye anayeamua uone nini. Wanaonikumbusha dini nao nawasikiliza kwa heshima; anayeona mchezo huu ni haramu kwake, sina la kumshawishi, na asome makala nyingine.

Kama bado unataka kitu cha kuangalia, acha vile vipande vya dakika mbili na utafute matangazo marefu ya mtandaoni ya meza za fainali, yanayorushwa mgao baada ya mgao kwa kucheleweshwa kidogo ili wachezaji wasipenyezewe karata za wenzao. Yanachosha, na watangazaji wenyewe wakati mwingine huishiwa maneno wakaanza kujadili chakula. Chagua mchezaji mmoja asiyesemwa sana, fuatilia kila anachofanya kwa saa nzima, na uandike kwenye daftari kila karata anazozitupa.