Paulo na Yakobo hawapingani
Ndugu, umeuliza iweje Paulo aseme kwamba mtu huhesabiwa haki (yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki) kwa imani pasipo matendo ya sheria (Warumi 3:28), ilhali Yakobo 2:24 anakataa kwamba ni kwa imani peke yake. Mtazame Abrahamu, ambaye wote wawili wanamtaja: Paulo anashika Mwanzo 15, alipomwamini Mungu kabla hata ya kutahiriwa, naye Yakobo anashika Mwanzo 22, Isaka mwanawe akiwa amekwisha kufungwa juu ya kuni ili atolewe sadaka, miaka mingi baadaye. Imani ni ileile, ila sasa inaonekana kwa matendo. Hata yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu (mfano unaosahaulika mno wa imani inayoonekana) hakuwa na muda wa kutenda mengi zaidi ya kumkemea mwenzake na kumwomba Yesu amkumbuke, na akaahidiwa peponi siku hiyohiyo.