Multikasti kutoka kwenye FPGA: niliangusha mtandao wa ofisi nzima, wewe usirudie

Juzi usiku dogo mmoja mwenye bodi ya FPGA (chipu unayoipanga mwenyewe ifanye kazi unayotaka) kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, bodi yangu inatuma multikasti, kwenye Wireshark naona pakiti zinamiminika, ila programu yangu haipokei hata moja." Multikasti ni kutuma mara moja wakapokea wengi, na Wireshark ni programu ya kuchungulia pakiti zinazopita kwenye mtandao. Nikacheka, sio kwa dharau, ni vile hiyo sentensi niliwahi kuisema mwenyewe mbele ya wageni wa bosi na jasho linanitoka. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, basi bora niliweke hapa maana najua mko wengi mnaopambana na hivi vitu peke yenu usiku.

Kazi yetu ilikuwa antena moja na ADC (kifaa cha kugeuza mawimbi kuwa namba) ya biti 8, sampuli milioni 800 kwa sekunde. Piga hesabu, hiyo ni gigabiti 6.4 kila sekunde, na laini inayotoka kwenye bodi ni ya gigabiti 10, kwa kompyuta moja haina shida. Bosi akataka kompyuta mbili, moja irekodi, nyingine ichore spektra (nguvu ya kila masafa) hapohapo. Ukituma mzigo mara mbili unafika 12.8, laini haibebi. Ndo multikasti inapoingia, bodi inatuma mara moja tu kwenda anwani ya kundi, swichi ndo inadurufu kwa wanaotaka. Na sio ujanja wa uchochoroni huu, MeerKAT, darubini ya redio kule Karoo, Afrika Kusini, ina sahani 64 na data zake zinapita kwa multikasti juu ya Etheneti, mashine inayotaka data inajiunga na kundi basi.

Mimi nikajiona fundi. Nikafuta 10.0.0.2, IP ya kompyuta moja, nikaandika 239.2.0.64, IP ya kundi, nikawasha, kompyuta zote mbili zikapokea. Dakika moja! Nikapiga picha, nikaweka status, nikamwita bosi na wageni wake waje waone. Kabla hawajamaliza kushangaa printa ikagoma, simu za mezani zikakata, intaneti ikafa jengo zima. Jamaa wa mtandao akaja anakimbia, akachomoa kebo yangu bila hata salamu, bosi akasema mbele ya wote, "Huyu tumempa bodi ya mamilioni anachezea." Niseme ukweli, ile kauli bado inaniuma mpaka leo ninavyoandika.

Kumbe nini? Kwenye mawasiliano ya kawaida bodi inauliza mtandaoni (hilo swali ndo linaitwa ARP), mwenye IP hii MAC yako, yaani anwani ya kadi yako ya mtandao, ni ipi, na mwenyewe anajibu. Kundi halina mwenyewe, hakuna wa kujibu. Core niliyokuwa natumia, yaani ile sehemu ndani ya FPGA inayotuma pakiti, ilikuwa inachukua namba ya mwisho ya IP, inaenda kuchungulia kwenye jedwali la nafasi 256, na nafasi tupu zilikuwa zimejazwa ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani brodikasti, kutuma kwa kila aliyepo kwenye mtandao. Kwa hiyo kompyuta zangu zilipokea kwa sababu kila mtu alipokea, mpaka printa ya mhasibu.

MAC ya multikasti haiulizwi, inatengenezwa. Unaanza na 01:00:5e, unamalizia na biti 23 za mwisho za IP. Kwangu ikawa 01:00:5e:02:00:40, nikaiandika kwa mkono kwenye jedwali, kelele zikaisha. Ila angalia, IP ina biti 28 za kutofautisha makundi na wewe umebeba 23, kwa hiyo makundi 32 yanaangukia MAC moja, 239.130.0.64 nayo inatoa ileile ya kwangu. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Steve Deering, aliyeandika RFC 1112 ya mwaka 1989, alitaka namba 16 za utambulisho za kuanzia MAC, kila moja dola 1,000, Jon Postel, aliyekuwa anasimamia namba za intaneti, akanunua moja tu na akampa nusu yake, ndo maana biti zikabaki 23. Bajeti finyu haikuanza na maabara zetu.

Nikadhani nimemaliza. Mzigo ukawa unakuja vizuri dakika nne na kitu, halafu kimya. Nikiwasha upya programu ya kupokea unarudi, dakika nne, kimya. Nikasema bodi inachemka, nikanunua feni kwa hela yangu mwenyewe, nikaielekeza kwenye bodi wiki tatu!! Siku moja nikashika saa: sekunde 260. Joto gani lina nidhamu hivyo? Ilikuwa swichi. IGMP snuping (swichi kusikiliza nani kajiunga na kundi gani) ilikuwa imewashwa ila hakuna kifaa cha kuuliza "nani bado yupo kwenye kundi", basi swichi inakaa sekunde 260 haijasikia mtu, inafuta jina lako. Nikawasha muulizaji kwenye swichi yenyewe, mpaka leo mzigo haujakata tena. Feni ninayo nyumbani, inapepea watoto.

Sasa dogo, kwako. Wireshark inaona pakiti kabla kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) haijazikagua, kwa hiyo kuonekana sio kupokelewa. Kagua cheksamu ya IP (namba ya kuhakiki kuwa kichwa cha pakiti hakijaharibika), hiyo bodi inaitengeneza yenyewe na ikikosea kerneli inatupa pakiti bila kukuambia (ya UDP unaweza kuacha sifuri). Kagua rp_filter, kichujio cha Linux cha pakiti zinazoingia, kama IP ya bodi kwa kompyuta yako inatokea njia nyingine, pakiti inatupwa vilevile kimyakimya. Andika ip maddr uone umejiunga kwenye kadi ipi, maana kuna mtu namjua (sio mimi) alikuwa anajiunga kupitia waifai wakati data inakuja kwenye kebo. Halafu kagua cheksamu tena, najua hujakagua.

Na jamani acheni kuita wageni mapema. Ukiona imefanya kazi mara ya kwanza chomeka kompyuta ya tatu ambayo haijajiunga na kundi lolote, uangalie kama nayo inapata. Mimi ningefanya hivyo nisingeitwa mchezaji. Vijana wa siku hizi picha kwanza, kukagua pakiti kwa tcpdump baadaye, na mimi nilikuwa mwalimu wenu kwenye hilo.

Dogo, hukusema swichi yako ni ya aina gani wala kama ina snuping. Nijibu hilo kwanza kabla hujagusa bodi.